Kiriath-seferi: Mji wa Vitabu au Mji wa Mwandishi?

Kitabu cha Yoshua, katika mlango wa 15, chatuarifu kwamba mji wa Debiri uliitwa zamani Kiriath-seferi. Neno la kwanza maana yake ni mji; nduguye katika Kiarabu ni qarya. La pili, kama lilivyotiwa irabu katika Kiebrania, ni kitabu au waraka. Basi jina limesomwa Mji wa Vitabu, na uzuri wa maana hiyo umewalevya watu wenye elimu. A. H. Sayce wa Oxford alilichukua jina lenyewe kuwa ushahidi wa maktaba ya Wakanaani.

Hoja hiyo ni nyepesi. Irabu za Kiebrania zilitiwa alama karne nyingi baada ya konsonanti kuandikwa, na s-f-r yaweza kuwa sefer, kitabu, au sofer, mwandishi. Waraka wa Kimisri wa karne ya 13 kabla ya Kristo, uitwao Papyrus Anastasi I, wataja jina la mji ambalo wataalamu wamelisoma sofer, na karani wake ameliwekea alama ya uandishi. Wako waliodhani kuwa maana ni mpaka. Alama hiyo yawapinga. Lakini haiwapi ushindi wapenzi wa maktaba, kwani mwandishi mmoja wa kodi na mikataba hahitaji rafu za vitabu.

Septuaginta imetafsiri Mji wa Maandishi, na ajabu ni kwamba yarudia maneno hayo katika aya ya 49, ambapo Kiebrania chasema Kiriath-sana. Naona hapo mkono wa mnakili aliyeteleza, wala sioni haja ya kutafuta jina la tatu.

Debiri nalo lina mtego wake. Neno hilo ndilo liitalo chumba cha ndani kabisa cha hekalu la Sulemani, na asili yake ni nyuma, kama dubur ya Kiarabu. Jerome alilihusisha na kunena, akaandika oraculum. (Yaonekana mji huu haukuweza kukwepa watu wa maneno!)

Mji wenyewe ulikuwa wapi? W. F. Albright alichimba Tell Beit Mirsim kati ya 1926 na 1932, akiamini kuwa ndio Debiri. Kazi yake juu ya vyungu ilikuwa kipimo cha tarehe kwa nchi nzima, lakini maktaba haikuonekana, na kilima hicho kimo katika nchi ya chini, hali Yoshua aiweka Debiri milimani pamoja na Soko, Anabu na Eshtemoa. Mwaka 1954 Kurt Galling alielekeza Khirbet Rabud, kusini-magharibi ya Hebroni; Moshe Kochavi akachimba huko 1968 na 1969, akakuta mji wenye ukuta wa zama zipasazo.

Hutajwa pia visima viwili kaskazini ya Rabud, ambavyo wenyeji huviita cha juu na cha chini, kwa kukumbuka chemchemi alizoombewa Aksa kwa babaye Kalebu, au tuseme alizojiombea mwenyewe. Ushahidi huu siuoni mzito peke yake: visima viwili vya mteremko mmoja hupata majina hayo po pote. Orodha ya miji ya milimani ndiyo inishawishiyo.

Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya 1952 waliliacha jina katika sauti yake. Walifanya vema, ila kama ningeulizwa maelezo ya pembeni, ningeandika Mji wa Mwandishi.