Jukwaa, Duara na Jina: Uhakiki wa Mikutano ya Afya ya Akili Mjini Kigali

Utangulizi

Katika kurasa kama hizi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii twaomba ruhusa ya msomaji tuhakiki kitu kisicho na jalada, nacho ni mkutano wa umma unaoitishwa ili kuwazindua watu juu ya maradhi ya akili na kuwarudisha kundini waliotengwa. Huenda mwalimu mwenzetu akauliza: je, hilo nalo ni fasihi? Jibu letu ni ndiyo. Penye msemaji na hadhira, penye wimbo, igizo na ushuhuda, pana fasihi simulizi. Na fasihi simulizi hupimwa kwa mizani ile ile ya fani na maudhui.

Tumeichagua Kigali kwa sababu mbili. Kwanza, mji huo umelazimishwa na historia kulitazama jambo hili ambalo miji mingine hulifunika. Kuanzia tarehe 7 Aprili 1994, katika muda wa siku zipatazo 100, zaidi ya watu milioni moja waliuawa nchini Rwanda katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na wengi walionusurika walibaki na majeraha yasiyoonekana kwa macho. Pili, Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Mwalimu anayekifundisha huko hana budi kuwapa wanafunzi wake maneno ya kuyataja majeraha hayo, na akiwapa maneno mabaya atakuwa ameyatonesha.

Hoja yetu ni hii. Mkutano wa aina hii haupimwi kwa wingi wa maarifa yaliyomiminwa kutoka jukwaani. Hupimwa kwa swali moja: je, yule aliyekuwa akizungumzwa amepata nafasi ya kuzungumza, na jirani zake wakamsikiliza pasipo kumwonea haya?

Kujua si kwenda

Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa Rwanda mwaka 2018 ulionyesha kwamba asilimia 20.5 ya watu, yaani mmoja katika kila watano, walikuwa na angalau ugonjwa mmoja wa akili. Miongoni mwa manusura wa mauaji ya kimbari kiwango kilikuwa asilimia 52.2. Sonona iliwapata asilimia 12 ya watu wote, bali kwa manusura ilifikia asilimia 35.

Hata hivyo, tarakimu zinazomhusu zaidi mhakiki ni nyingine mbili za uchunguzi huo huo. Asilimia 61.7 ya walioulizwa walijua mahali pa kupata msaada. Waliosema wamepata kuutumia msaada huo walikuwa asilimia 5.3 tu. Hata tukikumbuka kwamba si kila aliyeulizwa alikuwa mgonjwa, pengo lililopo baina ya wagonjwa na waliotafuta tiba ni kubwa mno.

Pengo hilo latufundisha nini? Latufundisha kwamba wengi hawakukosa habari. Njia waliijua, wala hawakuifuata. Huduma zilikuwapo: hospitali ya Ndera, iliyo pembezoni mwa Kigali na iliyoanzishwa na mabruda wa Kikatoliki, imekuwa ikipokea wagonjwa tangu 1972. Kilichomzuia mtu asiende, kwa sehemu kubwa, ni macho na midomo ya watu. Jina la hospitali yenyewe limegeuka kuwa tusi, kama vile Mirembe lilivyo tusi kwa mtoto wa Kitanzania, Mathari kwa mtoto wa Kikenya, na Butabika kwa mtoto wa Kiganda. Ni mwalimu gani wa Afrika Mashariki asiyepata kuyasikia majina hayo yakirushwa kama mawe katika uwanja wa shule?

Kwa hiyo mkutano ambao kazi yake yote ni kuarifu unamfundisha mtu jambo analolijua tayari.

Fani ya hotuba

Tuitazame fani iliyozoeleka. Kuna mabango, maandamano mafupi, na wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi. Hotuba husomwa. Wanafunzi hukariri shairi linaloanza kwa salamu na kuishia kwa nasaha. Kisha hufuata igizo la robo saa ambamo mtu mmoja, nywele timutimu na nguo zimechanika, hukimbia huku na huku na hadhira ikaangua kicheko. Halafu daktari mwenye koti jeupe huingia, naye mgonjwa akapona. Mwisho ni neno la shukrani.

Hatusemi kwamba fani hiyo haina faida. Hotuba ya mkubwa huthibitisha kwamba dola inalitambua jambo, na kwa mgonjwa aliyefichwa chumba cha nyuma miaka kadhaa, utambuzi huo si haba. Lakini tukiihakiki kama tamthilia, twaona kasoro kubwa: mhusika mkuu hayupo jukwaani. Anatajwa, anahurumiwa, tena anaigizwa na mtu mzima wa afya, bali mwenyewe hasemi hata neno moja. Ni kasoro ile ile tuliyoipigia kelele kila tulipoona riwaya inayowahusu wakulima ambamo mkulima hana usemi.

Kicheko nacho kina ujumbe wake. Hadhira inayomcheka mwigizaji wa wazimu saa nne asubuhi imefanya mazoezi ya kumcheka jirani yake saa kumi jioni, hata kama hotuba ilikataza.

Mchezo wa redio na somo lake

Kuna kazi nyingine iliyopita njia tofauti, nayo ni Musekeweya, mchezo wa redio wa mfululizo ulioanza kutangazwa kwa Kinyarwanda mwaka 2004. Waandalizi wake walijua wanatumia chombo kilichochafuliwa, maana kuanzia 1993 redio ya RTLM iliwachochea watu kuua. Mchezo wasimulia vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vilivyotengana kwa bonde na kwa chuki, na mapenzi ya vijana wawili, Batamuliza na Shema, yanayovuka bonde hilo. Kabila halitajwi. Istiari ya vilima viwili yatosha. Msikilizaji huijaza mwenyewe.

Mhakiki mkali atasema, na kwa haki, kwamba kazi hii ina mkono mzito. Mafunzo ya wataalamu wa nafsi yalitangulia, kisha visa vikatungwa ili viyabebe, na mara nyingine wahusika husema kama walimu kuliko kama wanakijiji. Lakini tusiishie hapo. Mtaalamu wa Marekani, Elizabeth Levy Paluck, aliyalinganisha makundi yaliyousikiliza mchezo huu kwa mwaka mzima na makundi yaliyosikiliza mchezo mwingine uliohusu afya. Miongoni mwa wasikilizaji walikuwamo manusura, wafungwa na Watwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2009 yanastahili kuwekwa mbele ya kila mtunzi wa sanaa ya kuelimisha umma. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikira zao kuhusu mambo ambayo jamii inayaruhusu: kumwamini mwingine, kupinga waziwazi, na kuzungumza juu ya majeraha ya nafsi ili yapone.

Tendo moja lilidhihirisha mabadiliko hayo. Mwishoni mwa utafiti kila kundi lilizawadiwa redio na kaseti. Makundi ya kulinganishia yalielekea kumkabidhi kiongozi wa kijiji vitu hivyo, na neno likaisha. Wasikilizaji wa Musekeweya walijadiliana, wakabishana, wakataka kuvitunza kwa pamoja. Sanaa haikuwa imewabadili mioyo kwa amri. Ilikuwa imewapa ruhusa ya kunena. Nasi twaona kwamba ruhusa hiyo ndiyo inayokosekana kwa mtu anayeijua njia ya hospitali asiende.

Jukwaa la Gisozi na kilio

Tuje kwenye jukwaa. Hope Azeda, aliyeasisi kikundi cha Mashirika mwaka 1998, ndiye pia aliyeanzisha tamasha la Ubumuntu, ambalo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2015 katika ukumbi wa wazi wa makumbusho ya mauaji ya kimbari huko Gisozi, Kigali. Ubumuntu ni neno la Kinyarwanda ambalo Mswahili hahitaji kufasiriwa, kwani ni utu wetu ule ule. Mahali penyewe ni sehemu ya fani: zaidi ya watu 250,000 wamezikwa hapo, na hakuna mwigizaji awezaye kupiga porojo mbele ya makaburi. Baada ya michezo hufuata mazungumzo baina ya wasanii na watazamaji. Kwa maoni yetu mazungumzo hayo si kiambatisho cha onyesho, bali ni sehemu yake ya mwisho.

Lakini jukwaa lina hatari yake. Katika kumbukumbu ya miaka 20, mwaka 2014, katika uwanja wa Amahoro, vilio vilisikika kutoka kwa hadhira wakati onyesho likiendelea, na wahudumu wakawachukua waliozidiwa hadi mahali pa utulivu. Mhakiki asiyejali ataandika kwamba sanaa ile ilifaulu, maana iligusa. Sisi hatuthubutu kuandika hivyo. Kilio cha mtu aliyerudishwa ghafla katika siku ya kuuawa kwa wazazi wake si makofi. Msanii akifungua jeraha mbele ya watu, awe amekwisha kujua ni nani atakayekaa na mwenye jeraha watu wakiondoka. Kazi isiyojiuliza swali hilo ina upungufu, hata fani yake iwe bora namna gani.

Duara

Fani ya tatu haina jukwaa kabisa. Mwaka 2005 huko Byumba, kaskazini ya Rwanda, ulianza mpango uitwao Mvura Nkuvure, maana yake "niponye nikuponye". Watu kati ya 10 na 15 wa mtaa mmoja, wakiwamo manusura, jamaa za wafungwa, wajane na maskini wasiosemwa na mtu, huketi katika duara mara moja kwa juma kwa majuma 15. Huanza kwa kujenga usalama, kisha kuaminiana, kutunzana na kuheshimiana. Hufuata mwelekeo mpya wa maisha, na kumbukumbu huja mwisho. Msomaji auangalie mpangilio huo. Mikutano mingi huanza kwa ushuhuda mzito kwa sababu unawatoa watu machozi upesi. Hapa kumbukumbu husubiri hadi mwenye kuibeba awe na watu wa kumshika.

Katika duara hakuna mgeni rasmi. Jina lenyewe ni somo la sarufi: mtenda na mtendwa hubadilishana nafasi ndani ya sentensi moja. Mgonjwa ni mganga wa mwenzake. Ikiwa twatafuta kipimo cha fani inayoafikiana na maudhui, tumekipata.

Suala la majina

Sasa tufike nyumbani kwetu walimu wa lugha. Baada ya 1994 Wanyarwanda walitumia neno ihahamuka, lenye picha ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu, na pia ihungabana, yaani kutikisika. Sonona huiita agahinda gakabije, huzuni iliyozidi. Yote ni maneno yanayotaja hali, wala hayamhukumu mtu. Kiswahili nacho kina kiwewe na sonona, lakini darasani na barabarani twakimbilia kichaa, mwendawazimu na punguani.

Tuangalie ngeli. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kichaa: wote wamewekwa katika KI-VI pamoja na viti na vijiko. Kinyarwanda kilifanya vivyo hivyo kwa neno ikimuga, na sasa wenye heshima husema umuntu ufite ubumuga, mtu mwenye ulemavu. Ni kweli kwamba kijana na kiongozi nao wana KI-, wala hatudai kwamba kiambishi peke yake ni dhambi. Aidha, upatanisho wa sarufi humrudishia mtu utu wake, kwani twasema "kichaa huyu amekuja". Lakini mwanafunzi hana budi kuelezwa kwamba jina limewahi kumweka mtu miongoni mwa vitu.

Hata majina ya adabu yapimwe. Nchini Rwanda Watwa huitwa rasmi abasigajwe inyuma n'amateka, walioachwa nyuma na historia. Msemo huo haumtukani mtu. Lakini ni kauli ya kutendwa, na mtenda ni "historia", ambayo haiwezi kuulizwa swali. Nani aliwaacha? Mwalimu mzuri atawaachia wanafunzi swali hilo.

Nasi Waswahili tusijifanye watazamaji. Huko Biryogo, katika Nyamirambo, makao ya zamani ya Waislamu wasemao Kiswahili mjini Kigali, watu wanajua kwamba kuitwa Mswahili kulikuwa na maana ya mjanja asiyeaminika. Lugha iliyowahi kudharauliwa yapaswa kuwa ya kwanza kuwafungulia mlango wengine waliodharauliwa.

Tamati

Ni muhimu kukumbuka kwamba tangu 2007 Rwanda ina chama cha watu waliopitia wenyewe tiba ya maradhi ya akili, NOUSPR. Kwa hiyo hakuna udhuru wa kusema kwamba wenyewe hawapatikani. Mwandalizi wa mkutano awaite watunge igizo, wala asiwaite kukaa mstari wa mbele wapigwe picha.

Kwa walimu twapendekeza mambo matatu. Shairi la siku ya afya ya akili, tarehe 10 Oktoba, lisiwe nasaha tupu, mwanafunzi aulizwe kwanza, "Nani anasema katika shairi hili, na nani amenyamazishwa?" Igizo la mwendawazimu wa kuchekesha liondolewe katika sherehe za shule. Na siku moja darasa lipangwe duara badala ya safu, mwalimu naye akae kiti kama cha wengine, ili wanafunzi wajifunze kwa Kiswahili sanifu kumwambia mwenzao: "Twakusikiliza." Sentensi hiyo haina msamiati mgumu, lakini ni wachache kati yetu waliopata kuifundisha.