Usiihukumu Lehemu kwa Mng'ao

Mtu akikuonyesha bodi aliyobadilisha chipu mezani kwake, kitu cha kwanza atakachojisifia ni jinsi lehemu inavyong'aa. Usimkatishe, ila usimwamini upesi. Lehemu ya zamani, bati 63 kwa risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na ikipoa hung'aa. Ile isiyo na risasi, iliyoenea Umoja wa Ulaya ulipobana matumizi ya risasi kuanzia Julai 2006, huyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi na hupoa imefifia, hata fundi awe hodari namna gani.

Washa tochi ya simu, imulike kwa ubavu, shika lenzi. Chipu ikiwa na miguu iliyopinda, wengi hukimbilia kutazama ncha za vidole. Wewe tazama kisigino, pale mguu unapopanda kuelekea mwili wa chipu. Nguvu ya kiungo iko hapo. Lehemu iwe imepanda nyuma ya kisigino, imebonyea kidogo, na ukingo wake uwe mwembamba mpaka unapokutana na shaba. Ikiwa imejikusanya kama tone la maji juu ya jani la mgomba, haijashika. Gusa kila mguu taratibu kwa ncha ya sindano, unaotikisika urudiwe.

Kisha achana na chipu, kagua majirani zake. Mimi fundi humjulia hapo. Kapasita moja imesimama wima, plastiki ya soketi imekunjamana, bodi imegeuka kahawia au imevimba: blowa ya hewa moto ilikuwa kali mno, au ilisimama mahali pamoja. Mjuzi hufunika majirani kwa mkanda wa kuhimili joto na kuipasha bodi kutoka chini kwanza.

Ukirudi kwenye chipu, nukta inayoonyesha pini ya kwanza ielekee alama yake kwenye bodi, na flaksi, ile dawa ya kusaidia lehemu kushika, iwe imesafishwa.

Chipu zenye vijipira tumboni ni habari nyingine. Chungulia kwa ubavu: kimo kiwe sawa pande zote nne. Anayekuhakikishia kuwa vijipira vyote vimeshika, naye hana eksirei, anabahatisha.

Ukikuta njia ya shaba iliyong'oka imeungwa kwa uzi mwembamba wa waya, uliolazwa vizuri na kugandishwa, mlipe fundi wako bila kunung'unika. Bodi iliyobabuka irudishe, hata kama inawaka.