Kitabu cha Pólya na kamba ya mafundo 20

Leo sileti habari ya mbegu. Nataka tuongee juu ya kitabu cha zamani, How to Solve It cha George Pólya, kilichotoka mwaka 1945, na ambacho mpaka leo watu wanakitaja wakiongea namna ya kufundisha hesabu.

Pólya anagawanya kazi kwa ngazi 4: kuelewa swali, kutafuta njia, kuifuata, halafu kurudi kuangalia jibu. Mfano wake wa kwanza njo ulinishika. Mwalimu anauliza urefu wa mstari unaotoka kona moja ya sanduku, unapita ndani, mpaka kona ya mbali. Mwanafunzi asipoona kitu, mwalimu anamwambia aangalie darasa lenye wamekaa ndani. Darasa njo sanduku. Hakuna kununua kitu.

Sisi tulifundishwa kinyume: formile kwanza, kuikariri, egzame, kwisha. Nilifika mpaka lisansi ya agronomia na formile zote kichwani. Halafu mama akaenda kukodi shamba. Yalikuwa 2, kila moja ukilizunguka unapata hatua 100, bei ileile. Akachukua lile refu, hatua 40 kwa 10, juu liko karibu na barabara. Lingine lilikuwa 25 kwa 25. Maharagi yalipotoka kidogo akaniuliza sababu. Nikajibu bila aibu: udongo umechoka, mama.

Nilifunguka macho mwaka uliofuata, nikisaidia mtoto wa dada yangu kazi ya nyumbani. Tulifunga kamba kwa duara, mafundo 20, kati ya fundo na fundo upana wa kifuniko kimoja cha chupa. Nikamwambia atengeneze mashamba, ayajaze vifuniko. Ya 8 kwa 2 ikameza 16. Ya 5 kwa 5 ikameza 25. Akasema: «Tonton, lakini kamba ni ileile!» Mimi nikanyamaza. 16 kwa 25 ni sawasawa na 400 kwa 625. Mama alilipa bei moja kwa shamba lenye kupungua zaidi ya theluthi, na injinia wa nyumba alikuwa analaumu udongo.

Kwa hiyo kitabu ninakisifu, hasa ile ngazi ya 4, yenye shule zetu zinaruka: hili jibu linaweza kutumika wapi tena? Lakini kiko na upungufu. Pólya anaandikia wanafunzi wakubwa kidogo, na mazungumzo yake ni ya mwalimu mwenye kuwa na wakati wa kuuliza pole pole. Weka mwalimu huyo mbele ya watoto 60, mazungumzo yanakufa. Kamba moja kwa watoto 4 inaweza kuyafufua, maana watoto wanaulizana wenyewe.

Na wale wanaodhani vifuniko peke yake vinatosha, nao wanakosea. Bila swali, mtoto anachezea vifuniko, basi. Na bila kuandika 8 × 2 kwa daftari mwishoni, kesho atahitaji vifuniko 400 kwa shamba la bibi yake.

Kabla ya kulala yule mtoto akauliza: na tukiifanya kamba iwe mviringo? Tukajaribu. Vifuniko vikaacha mianya pembeni, akaleta makasi, akaanza kukata vingine vya karatasi.