"Mchoro wa Pande Tatu": Istilahi Inayohitaji Kusahihishwa

Istilahi ya ufundi haipimwi kwa utamu wake masikioni, bali kwa kazi inayofanya mikononi mwa fundi. Kwa kipimo hicho tungependa kuihakiki istilahi "mchoro wa pande tatu", ambayo baadhi ya wafasiri huitumia kwa michoro ya mabomba inayotengenezwa kwa kompyuta, wakiitofautisha na "mchoro wa pande mbili" wa karatasi.

Kosa la kwanza ni la hesabu. Mtoto wa shule ya msingi hufundishwa kwamba pembetatu ina pande tatu, nayo ni umbo bapa. Upande ni mpaka wa umbo. Kinachokusudiwa hapa ni urefu, upana na kimo, yaani vipimo.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwani jina hilo humfanya msomaji aamini kwamba michoro ya karatasi haina habari ya kimo. Tuchukue mfano wa nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, ambako maji ya mserereko hutoka katika chemchemi za milimani na kuteremkia vijijini. Kwa bomba la namna hiyo mhandisi huchora karatasi mbili: ramani, inayoonyesha njia ya bomba kama ionekanavyo kutoka juu, na mkato wa urefu, unaoonyesha kupanda na kushuka kwa ardhi. Bomba lililotengenezwa kuhimili maji ya kimo cha mita 100, likiteremshwa mita 120 bila tangi la kupunguzia kanieneo, ambayo mafundi huiita presha, litazidiwa pindi bilula zikifungwa. Hatari hiyo huonekana katika mkato, kama vile vionekanavyo vilele vinavyonasa hewa na mabonde yanayotuamisha tope. Karatasi hizo mbili, zikisomwa pamoja, zimebeba vipimo vyote vitatu.

Hatusemi kwamba kazi ya kompyuta haina faida. Katika nyumba ya pampu au kiwandani, mabomba hupishana na nguzo na nyaya. Hapo kompyuta hufichua mgongano kabla chuma hakijakatwa. Lakini kwa mtaro unaovuka vilima, ramani na mkato hutosha, na fundi huweza kuvikunja na kuvitia mfukoni.

Baina ya njia hizo mbili upo mchoro wa isometriki, ambao William Farish wa Cambridge aliueleza mwaka 1822. Umechorwa juu ya karatasi bapa, lakini huonyesha bomba na viwiko vyake kwa vipimo vitatu. Je, mfasiri auite wa pande ngapi? Hapo istilahi tunayoihakiki hukwama.

Kwa hiyo twapendekeza "mchoro bapa" kwa kila kilichochorwa karatasini, na "kielelezo cha vipimo vitatu" kwa kile ambacho kompyuta huweza kukigeuza na kukitazamisha kila upande. Aidha, ofisa anayeandaa hati ya zabuni asiishie kutaja idadi ya vipimo. Ataje ramani, mkato au isometriki kwa jina. Akiandika "pande tatu" peke yake, mkandarasi aweza kuleta picha ya kupendeza isiyo na mkato, na wanakijiji wakarithi bomba lililopasukia bondeni.