Picha Kali, Lakini Ndege Anasemaje?

Bila shaka umeshaiona: tai mla samaki, kichwa cheupe, mabawa yametanuka, kucha zinagusa maji, na matone yamesimama hewani. Ukaipenda, ukamrushia na rafiki yako.

Hebu irudie, ila safari hii mtazame samaki. Mara nyingi amelala ubavu, tumbo jeupe liko juu. Amekufa zamani! Ukienda ziwa Naivasha au Baringo kule Kenya utaona kazi inavyofanyika: mwenye boti anapiga mluzi, anarusha samaki, ambaye wakati mwingine amepachikwa kijiti chepesi ili aelee, na tai anateremka mbele ya kamera zilizokwisha kuwekwa tayari.

Simlaumu mwenye boti. Ndiyo riziki yake, na tai naye kapata mlo. Kasoro iko kwenye maelezo chini ya picha, yanaposema "tai akiwinda" na kuishia hapo. Tai huyu hukaa sehemu kubwa ya siku ametulia mtini, na mara nyingine humpora ndege mwenzake samaki. Hayo hatuonyeshwi kwa sababu si "makali". Picha ni ushahidi, na ushahidi uliopangwa bila kusema umepangwa unatufundisha ndege ambaye hayupo.

Mimi pia ninayo yangu, na ni mbaya zaidi.

Mwewe alijenga kiota kwenye mvinje karibu na nyumba niliyopanga Dar es Salaam, kiota cha vijiti, matambara na vipande vya mifuko. Nikaazima kamera, nikapanda juu ya paa. Picha ikatoka safi kabisa: anatazama lenzi moja kwa moja, shingo imenyooka, mdomo wazi. Washkaji wakaisifu, "macho hayo!" Hakuna aliyeuliza kwa nini mdomo uko wazi. Alikuwa ananipigia kelele. Sekunde chache baadaye akaruka, na kunguru wawili wakatua tawi la jirani. Unawajua kunguru hawa: jamii yao ililetwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, leo wameujaza mji, na wanakula mayai na makinda ya ndege wengine. Nilishuka mbio, mwewe akarudi. Lakini dakika zile zote kiota kilikuwa wazi kwa ajili ya picha yangu tu.

Na hatari si kunguru peke yake. Tunadhani mzazi hulalia mayai ili kuyapa joto. Kwenye jua letu la saa sita huyapa kivuli pia; yai likichomwa na jua, kilichomo kinaweza kufa.

Kwa hiyo, kabla ya kupima mwanga, msome ndege. Akiacha kujisafisha manyoya na kukukazia macho, umeshakaribia mno. Akijikunja na kunya, mara nyingi yuko tayari kuruka. Akianza kulia au kukushukia kichwani, rudi nyuma bila kubishana. Kiota usikisogelee, na usitangaze kilipo. iNaturalist huficha yenyewe mahali walipo viumbe walio hatarini, lakini kwa mwewe wa kawaida itabidi ufiche mwenyewe.

Je, tutakosa picha kali? Hapana. Simama chini, mbali na kiota, mwewe anapozunguka juu ya jalala la mtaa. Utaona mkia wake wenye panda ukijipinda huku na huku kama usukani. Akinyakua kitu kidogo, hahitaji kutua: huinamisha kichwa, mguu unapanda mdomoni, anakula hukohuko angani. Hakuna aliyempigia mluzi, na wewe hana habari nawe. Hiyo kwangu inaishinda ya ziwani, hata ikitoka na ukungu kidogo.

Basi ukiletewa picha nyingine ya ndege mwindaji, kabla ya kubonyeza moyo mwekundu jiulize: alikuwa anafanya nini kabla mpiga picha hajafika?

Yangu sijaifuta. Nimebadilisha tu maelezo chini yake: "Mwewe akinifukuza kwenye kiota chake. Nilikuwa karibu mno."