Kutoka Lanina hadi Tunu: Bei ya Uongozi wa Mwanamke katika Tamthilia Mbili

Aghalabu wahakiki wetu hupima maendeleo ya mwanamke katika fasihi kwa kuhesabu vyeo: daktari hapa, mwalimu pale, kiongozi kwingineko. Makala haya mafupi yanadai kuwa kipimo hicho hakitoshi. Swali la msingi ni hili: mwanamke hutakiwa kuacha nini ndipo akubaliwe kuongoza?

Katika Kilio cha Haki (1981), Alamin Mazrui alilikabili swali hilo waziwazi. Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la Delamon ilhali ni mke wa mtu. Lawama za Mwengo, mumewe, zinahusu nyumba na malezi. Hapo ndipo taasubi ya kiume inapojificha: si lazima imwambie mwanamke kuwa hawezi, yatosha kumuuliza watoto atamwachia nani. Wanaume wanaopigania haki pamoja naye hawasumbuliwi kwa swali hilo.

Kigogo (2016) ya Pauline Kea yaonekana kupiga hatua. Tunu anaongoza harakati za Sagamoyo, anaumizwa mguu, wala harudi nyuma. Hata hivyo, Tunu hana mume wala mtoto. Mwenye mume na watoto ni Ashua, mke wa Sudi, ambaye usomi wake haujamfaa kitu. Anakwenda kwa Majoka kuomba msaada na kuishia kufungiwa. Ni kana kwamba Lanina amegawanywa wanawake wawili: mmoja kapewa uongozi, mwingine kapewa ndoa. Swali la Mwengo halijajibiwa, limekwepwa.

Huenda ikasemwa kuwa Tunu kukataa kuozwa Ngao Junior, mwana wa Majoka, ni ushindi tosha. Ushindi huo hatuukani. Lakini kuikataa ndoa mbaya ni jambo moja. Kuonyesha ndoa isiyomnyang'anya mwanamke cheo ni jambo jingine.

Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mwanamke haki ya fursa sawa na mwanamume. Lakini mwombaji kazi wa kike angali anaweza kuulizwa na jopo la usaili kama ana watoto wadogo, naye mwanamume aliyemtangulia hakuulizwa. Nasi walimu wa fasihi tunapomsifu Tunu darasani na kumpita Ashua kimya, tunamfundisha msichana aliyeketi mbele yetu kwamba sharti achague kimoja.