Moto, Nukta na Ardhi: Uhakiki wa Istilahi za Cheche ya Pikipiki

Pikipiki ilijipatia jina lake bila kikao. Watu waliusikia mlio wake, wakaiita kama walivyousikia, na neno likakaa. Sehemu zilizomo ndani yake hazikupata bahati hiyo. Plagi, koili, kondensa na pointi ziliingia gereji pamoja na vitabu vya Kiingereza, na tangu hapo zimekuwa na maisha mawili: moja vinywani mwa mafundi, la pili katika karatasi za watafsiri. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno yanayotumika kueleza hitilafu moja tu, yaani pikipiki ya zamani inayokataa kuwaka kwa kuwa cheche yake ni dhaifu. Tumeichagua hitilafu hii kwa sababu huchunguzwa kwa hatua, na kila hatua hutegemea ile iliyoitangulia. Neno moja likipotoka, mwanafunzi hupotoka pamoja nalo.

Yafaa kwanza tukumbushane jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana haiwezekani kulihukumu jina la kitu kisichojulikana. Katika pikipiki zilizoundwa kabla ya uwashaji wa kielektroniki kuenea, kama vile BSA Bantam iliyotoka Uingereza mwaka 1948, mkondo wa umeme hupita katika nyaya za kwanza za koili. Vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana, ambavyo mafundi huviita pointi, ndivyo vinavyouruhusu kupita. Kamu inapozunguka, vipande hivyo hutenganishwa. Mkondo hukatika ghafla, nguvu ya sumaku iliyokuwamo katika koili huporomoka, na katika nyaya za pili huzaliwa umeme wa maelfu ya volti. Huo ndio unaoruka kwenye plagi na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Pointi zikiwa chafu, kondensa ikiwa mbovu, au waya ukiwa umelegea, cheche hudhoofika.

Sasa na tuyatazame maneno. La kwanza ni *moto*. Fundi husema, "Plagi haina moto," na mwenziwe humwelewa mara moja. Lakini gereji hiyo hiyo husema waya una moto, kwa maana kwamba una umeme, na injini ina moto, kwa maana kwamba imepata joto. Hatuwalaumu mafundi, wao huzungumza wakiwa wameishika plagi mkononi, na mkono hukamilisha maana. Mwandishi wa mwongozo hana mkono wa kuonyesha. Akiandika, "Angalia kama plagi ina moto," mwanafunzi aweza kuigusa ili asikie joto lake, naye akapigwa na umeme wa maelfu ya volti. Kiswahili kina neno *cheche*, la zamani na lisilo na utata hapa. Hapana sababu ya kuliacha.

La pili ni *nukta*. Mtafsiri anayekutana na neno la Kiingereza lililozaa *pointi* hufungua kamusi, akakuta nukta, ncha, hoja na alama. Akichagua nukta atakuwa ameandika jambo lisiloeleweka, kwa maana hakuna nukta inayosuguliwa kwa msasa. Akichagua ncha ameharibu zaidi, kwa kuwa plagi nayo ina ncha zake, na mwanafunzi atakwenda kusafisha mahali pasipostahili huku ugonjwa ukiwa kwingine. Wako waliopendekeza *kikata-mkondo*. Jina hili lina sifa moja kubwa: linaeleza kazi. Hata hivyo linafaa mtambo mzima, si vile vipande viwili vinavyogusana. Maoni yetu ni kwamba mtambo uitwe kikata-mkondo na vipande vyake viendelee kuitwa pointi. Ni kweli kwamba pointi zimo pia katika mpira na katika mijadala, lakini hakuna atakayezichanganya akiambiwa pointi za kikata-mkondo.

La tatu ni *kondensa*. Hapa kosa si la watafsiri wetu peke yao, limerithiwa. Alessandro Volta mwaka 1782 alikipa chombo cha kuhifadhi umeme jina lenye maana ya kusonganisha, na jina hilo likadumu. Baadaye wanafizikia waliotumia Kiingereza walilibadili, lakini gereji hazikubadili. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa fizikia hufundisha *kapasita*, fundi huomba kondensa dukani, na mtafsiri aliyezoea maandishi ya kemia hudhani kinachosemwa ni chombo cha kupozea mvuke. Madhara yake si ya nadharia. Kondensa ikifa, pointi hutoa cheche pale zinapoachana, huungua upesi, na cheche ya plagi hufifia. Mwanafunzi asiyetambua kwamba kondensa ya gereji ndiyo kapasita ya darasani atabadilisha pointi kila mara bila kuuondoa ugonjwa. Tunaona istilahi iwe kapasita, na kondensa itajwe mara moja mwanzoni mwa mwongozo kuwa ndilo jina la dukani.

La nne ni *pengo*. Vitabu hutaja umbali kati ya pointi zinapoachana, ambao katika pikipiki nyingi ndogo za Japani ni milimita 0.3 hadi 0.4, na umbali kati ya ncha za plagi, ambao ni milimita 0.6 hadi 0.7. Baadhi ya watafsiri huuita pengo. Lugha yetu imekwisha kulikata shauri hili kinywani mwa binadamu: pengo ni pale jino lilipong'oka, na *mwanya* ni nafasi nyembamba kati ya meno mawili yaliyopo. Plagi yenye pengo ni plagi iliyopungukiwa na kitu. Plagi yenye mwanya ndiyo inayotakiwa.

La mwisho, nalo ndilo baya kuliko yote, ni *ardhi*. Kipimo cha kwanza cha cheche hufanywa hivi: plagi hufunguliwa, hurudishwa katika kofia ya waya wake, na mwili wake huegemezwa kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na tundu la plagi ambako mvuke wa petroli hutoka. Kisha injini hupigwa kiki. Cheche ya buluu iliyonona ni njema. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Vitabu vya Kiingereza huuita mwegemeo huo kwa neno lenye maana ya ardhi. Mtafsiri akiandika, "Iunganishe plagi na ardhi," mwanafunzi mtiifu ataiweka mavumbini. Pikipiki husimama juu ya mipira, na umeme wake hurudi kwa njia ya chuma, si ya udongo. Cheche haitaonekana, koili nzima itahukumiwa kuwa mbovu, na mwenye pikipiki atalipia koili mpya asiyoihitaji. Katika vyombo vya moto tungependa kusoma *waya wa fremu* na *chuma cha injini*, na ardhi iachiwe umeme wa majumbani, ambako waya kweli huzikwa.

Msomaji ataona kwamba hatukuegemea upande mmoja. Tumekubali pointi na kapasita, ambayo ni maneno ya kukopa. Tumetetea cheche na mwanya, ambayo ni ya kwetu. Tumekataa nukta na ardhi ingawa ni Kiswahili safi. Asili ya neno si kipimo cha kutosha. Kipimo ni kama neno linaitenga sehemu moja na nyingine, na kama anayelisoma akiwa peke yake ataweka mkono panapostahili. Kwa hiyo twawasihi watafsiri, kabla ya kupeleka mwongozo kiwandani kupigwa chapa, wampe mwanafunzi mmoja na pikipiki moja isiyowaka, wakae kando bila kusema neno, na waandike kila mahali atakaposita. Orodha ya masito hayo ndiyo itakayofaa kuletwa mbele ya kamati ya istilahi.